Kope Zinazobeba Siku Nzima

Filamu za Bombay zilikaa miongo mingi zikikwepa busu. Mtunzi wa nyimbo akabaki na macho, basi akayatwika mahaba yote.

Sikiliza wimbo wa macho katika filamu ya Chirag, ya mwaka 1969. Mtunzi wake, Majrooh Sultanpuri, aliazima mstari wa kufungulia kutoka shairi la Faiz Ahmed Faiz, kisha ikambidi atunge mengine yasiyoaibika mbele ya mstari huo. Hakuhangaika na ukubwa wala weusi wa macho, aliyapa kazi. Yakiinuka kunakucha, yakiinama jua linakuchwa. Siku nzima imebebwa na kope! Mohammed Rafi anauimba taratibu, kama mtu asiyetaka kutazama pengine. Baadaye mwanamke mwenye macho hayo, anayeigizwa na Asha Parekh, anapofuka, na wimbo uleule unarudi kwa sauti ya Lata Mangeshkar. Sifa imegeuka jeraha, wala haikuhitaji maneno makali. Kwangu mimi huu unazipita nyimbo zote za macho yanayolewesha, hata ule mtamu wa Umrao Jaan (1981).

Huku pwani ya Kenya, Msambweni au Ukunda, hutahitaji mkalimani wa jambo hili. Siku ya kupamba, bibi arusi hukalishwa mbele ya wanawake, wanja umekolea, macho chini. Akiinua kope kidogo tu, vigelegele. Waliomzunguka wanaijua hesabu ya Majrooh hata kama Kihindi chenyewe hawakijui.

Pwani nayo ina mwazimaji wake. Juma Bhalo wa Mombasa, aliyefariki 2014, alichukua lahani za filamu akazivika maneno ya Kiswahili, mengine yakitoka kwa binamu yake, mshairi Ahmad Nassir. Wapo wanaouita uazimaji huo wizi wa lahani. Na wajaribu wao. Shairi linakuja na mizani nane za ukwapi na nane za utao, na vina vyake. Lahani ilikatwa kwa lugha nyingine kabisa. Neno likiingia mapema, kina kinamezwa na ngoma. Likichelewa, harmonia imeshapita. Bahati ya Bhalo ni kwamba Kiswahili kimejaa irabu: karibu kila silabi ina pa kuvutia sauti. Naye alivuta, akaikunja sauti mara mbili tatu juu ya irabu moja, na kina kikatua palepale kilipotakiwa.