Kuhamisha na Kunakili: Istilahi za Kutoa Data Katika Kanzidata

Miongoni mwa kazi zinazowafikia wafasiri wa ofisi za umma siku hizi ni miongozo ya kuhamisha kumbukumbu kutoka kanzidata kuukuu kwenda mpya. Hivi karibuni tuliletewa mmojawapo tuuhakiki kabla haujapigwa chapa. Lugha yake ni nyofu na sarufi yake haina kasoro kubwa. Hata hivyo, tulipojaribu kuyatenda yaliyoandikwa humo, hatua kwa hatua, tukitumia kanzidata ya majaribio, tulipoteza majina yote tuliyokuwa tumekwisha kuyaingiza katika kanzidata mpya. Kosa halikuwa la mashine wala la aliyeiendesha. Lilikuwa la istilahi. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi lilivyotokea, ili wenzetu waepukane nalo.

Kwanza tuafikiane kuhusu kitu chenyewe. Kanzidata inayozungumziwa hapa ni ile ya mfumo uliopendekezwa na E. F. Codd wa kampuni ya IBM mwaka 1970, ambamo taarifa zote huwekwa katika majedwali. Mwongozo unaiita "kanzidata ya mahusiano", na kueleza kwamba jina limetokana na majedwali kuhusiana. Sivyo. Codd alilichota neno hilo katika hisabati, na uhusiano aliokusudia ni ule unaozifunga thamani za mstari mmoja pamoja, yaani jedwali lenyewe. Jina tunaweza kuliacha, kwa kuwa limekwisha kuzoeleka. Maelezo ndiyo yanayopaswa kusahihishwa.

Ama kosa lililotuponza limo katika kitenzi "hamisha". Mwongozo unakitumia kwa matendo matatu: kuyaandika yaliyomo katika jedwali kwenye faili, kulipakia faili hilo katika kanzidata mpya, na shughuli nzima ya kuuacha mfumo wa zamani. Mtu akihamisha sanduku, chumba hubaki bila sanduku. Basi karani akisoma "hamisha jedwali la watumishi" ataamini kwamba jedwali limeondoka. Kwa hakika halikuondoka. Amri ya COPY ya PostgreSQL inapoandika faili, au programu ya mysqldump inayotumiwa na MySQL, husoma tu na kutoa nakala. Asili hubaki ilipokuwa. Wafasiri wengine wamependelea "kusafirisha nje", kwa kufuata lugha ya biashara. Picha hiyo nayo inapotosha: gunia la karafuu likishapakiwa melini halimo tena ghalani.

Sasa tueleze ajali yetu. Faili linalotolewa na mysqldump, lisipoelekezwa vinginevyo, huwa na amri ya kuliondoa jedwali lenye jina lile lile kabla ya kuliunda upya na kulijaza. Mwongozo haukulisahau jambo hili. Umeonya kwamba faili "hufuta jedwali lililopo kabla ya kuhamisha". Lakini kurasa mbili nyuma, "kuhamisha" kulikuwa ni kutoa nakala. Kwa hiyo tulidhani kwamba onyo hilo linahusu upande wa kutoa, ambao tulikwisha kuumaliza salama, tukalipakia faili bila wasiwasi. Jedwali jipya likaondolewa pamoja na majina yake. Lingekuwa jedwali la wastaafu wanaongojea malipo yao, mwenye kuumia asingekuwa mhakiki.

Neno "futa" nalo lina sehemu yake katika lawama. Katika lugha ya kanzidata, kuiondoa mistari kadhaa, kuimaliza mistari yote huku jedwali likibaki, na kuliondoa jedwali lenyewe pamoja na umbo lake, ni matendo matatu yenye amri tatu tofauti. Mwongozo unayaita yote "kufuta". Kiswahili hakikupungukiwa na maneno: tuna kufuta, tuna kumwaga, tuna kubomoa.

Jambo la pili ni "safu". Gazetini safu ni ile inayoshuka chini; gwaride likisimama, safu ni mstari wa askari waliosimama bega kwa bega. Mwongozo, mahali pa kuisanidi kazi, yaani kuipangia masharti yake kabla haijaanza, unaagiza "chagua safu zitakazotolewa". Je, ni watumishi gani watolewe, au ni habari zao zipi? Anayechagua sivyo atatoa mishahara ya watu wote mahali alipotakiwa kutoa habari zote za watu wachache. Wako wanaosema "safu wima" na "safu mlalo". Istilahi hizo ni sahihi, ila mwandishi mwenye haraka hukiacha kivumishi, na utata hurudi pale pale.

Jambo la tatu, nalo ni zito, ni alama inayoonyesha kwamba thamani haijulikani au haipo, ambayo katika SQL huandikwa NULL. Mwongozo unaiita "batili" katika ukurasa mmoja na "sifuri" katika mwingine. Batili ni lugha ya mahakama, hufaa mkataba usio na nguvu. Sifuri ni tarakimu kamili. Mtumishi ambaye idadi ya watoto wake imeandikwa 0 ameulizwa akajibu kwamba hana. Ambaye nafasi yake iko wazi huenda hajaulizwa. Mifumo yenyewe haikukubaliana katika jambo hili: Oracle huyahesabu maandishi yasiyo na herufi hata moja kuwa ni nafasi wazi, ilhali PostgreSQL huvitofautisha viwili hivyo. Kwa sababu hiyo anayesanidi kazi ya kutoa data lazima atamke nafasi wazi itaandikwaje katika faili, na mfasiri lazima ampe neno la kutamkia.

Kwa muhtasari, tunapendekeza yafuatayo. "Kutoa nakala" kuwe ni kuandika data ya jedwali kwenye faili. "Kupakia" kuwe ni kuiingiza data hiyo katika kanzidata nyingine. "Kuhamisha" kubaki kwa shughuli nzima. "Kufuta" kuhusu mistari, "kumwaga" kuhusu mistari yote, "kubomoa" kuhusu jedwali. "Mstari" kwa ulalo na "safu" kwa wima tu. "Nafasi wazi" kwa thamani isiyokuwapo.

Wako watakaosema kwamba mafundi wameshazoea maneno yao na hawatatusikiliza. Huenda ikawa hivyo. Lakini mwongozo haukuandikiwa fundi. Umeandikiwa karani wa wilayani asiye na mtu wa kumwuliza. Tunawaomba wafasiri, kabla ya kuitia sahihi kazi ya namna hii, wakae mbele ya mashine na kuitii tafsiri yao wenyewe neno kwa neno. Maoni ya wasomaji kuhusu mapendekezo haya, hasa kuhusu "kubomoa" ambalo hata sisi kwa sisi tumelibishania, tutayapokea kwa shukrani.