Kugawa Nafasi Ambayo Haijakuwapo

Amri ya kuunda voliumu ya terabaiti moja katika mfumo wa hifadhi wa Ceph humalizika kabla hujainua kidole kwenye kibodi. Aliyepewa huiona ni diski kamili, huifomati, huanza kazi. Kwenye seva zenyewe karibu hakuna kilichotumika: limeandikwa jina, ukubwa na taarifa chache za utambulisho, na nafasi halisi itachukuliwa kidogo kidogo kadiri data inavyoingia. Msimamizi wa hifadhi basi huishi kwa ahadi. Anaweza kuwa na terabaiti mia, akagawa mia na hamsini, na bado akalala usingizi, mradi awajue watu wake: nani huomba kubwa akatumia kiduchu, nani huomba kidogo na mwezi haujaisha amefurika.

Ujuzi huo nauheshimu kuliko kukariri amri, maana amri zimo kwenye miongozo. Mwongozo utakueleza kwamba kwa kawaida nakala huwa tatu, hivyo terabaiti moja iliyojaa hula tatu. Utakueleza kwamba diski moja tu ikifika asilimia 85 onyo hutolewa, na ikifika 95 klasta nzima ya seva hukataa kuandika. Hautakueleza lini uanze kuomba diski mpya kwa wenye fedha, ukijua kwamba zabuni huenda polepole kuliko data.

Sage Weil, aliyeibuni Ceph akisomea uzamivu Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, hakutaka pawe na daftari kuu la kuonyesha kipi kiko wapi. Voliumu hukatwa vipande vya megabaiti 4. Terabaiti moja ikijaa ni vipande 262,144. Jina la kipande hupigiwa hesabu, likaangukia kwenye kundi la vipande. Kisha kanuni ya CRUSH, aliyoieleza na wenzake mwaka 2006, hulipangia kundi diski zake kwa kufuata ramani ya seva na rafu. Yeyote mwenye ramani hufikia jibu lile lile bila kumuuliza mtu. Klasta nayo hufuatilia maelfu ya makundi badala ya mamilioni ya vipande. Ni ubunifu mkubwa, ila hapo msimamizi ana kidogo cha kuamua.

Kuna kundi jingine ambalo mashine haiwezi kulibuni. Hifadhidata nyingi huweka data kwenye voliumu moja na kumbukumbu za miamala kwenye nyingine, na kila badiliko huandikwa kwenye kumbukumbu kwanza. Ikipigwa picha ya papo hapo ya kumbukumbu saa nane kamili usiku, na ya data sekunde tatu baadaye, data inaweza kubeba malipo ambayo kumbukumbu haijawahi kuyasikia. Kila picha, ukiikagua peke yake, ni nzima. Voliumu hizo ni doti ya kanga: kila upande ni nguo, lakini upande wa doti nyingine hauwezi kukaa mahali pake.

Zikiwekwa kundi moja, uandishi husimamishwa kwenye zote, picha hupigwa, kisha zote huachiwa. Kusimama huko kuna gharama. Mvivu huzirundika voliumu zote kwenye kundi moja ili asifikirie, kisha mfumo wa mishahara ukamsubiri mtu wa barua pepe. Fundi huuliza. Hukaa na waandishi wa programu, hufungua faili za usanidi, hutafuta nani anamtegemea nani, na mara nyingi hugundua kwamba walioujenga mfumo wenyewe hawakubaliani.

Na hata akishapanga, kundi huchakaa. Miezi inapita, mtu anaongeza voliumu ya tatu kwa sababu ya pili imejaa, hasemi kitu. Picha zinaendelea kupigwa kila usiku na ripoti ni kijani tupu. Ndiyo maana mafundi ninaowasifu huchagua siku isiyo na dharura, wakairejesha picha ya kundi kwenye seva ya majaribio, wakaiwasha hifadhidata, na kuhesabu voliumu upya moja baada ya nyingine.