Wimbo Ulioshika Nafasi ya 20

Mei 2022, mjini Turin, Rosa Linn wa Armenia aliimba "Snap" kwenye fainali ya shindano la nyimbo la Eurovision akashika nafasi ya 20 kati ya 25, kwa pointi 61. Miezi michache baadaye wimbo huohuo ulikuwa umeenea TikTok na kuingia Billboard Hot 100 ya Marekani. Nani alikosea?

Hakukosea mtu. Katika kura za wananchi, kila nchi huupa wimbo wake wa kwanza pointi 12, wa pili 10, wa tatu 8, hadi wa kumi unaoambulia 1. Wa kumi na moja hauna kitu, hata ukizidiwa kwa kura moja. Wimbo unaopendwa kiasi na watu wengi huzama hapo. Tena kuna majaji: mwaka 2023 wananchi walimpa Käärijä wa Ufini pointi 376 na Loreen wa Uswidi 243, majaji wakampa Loreen 340 na mwenzake 150. Loreen akashinda.

Anayetaka kupima umaarufu wa wimbo kwa watazamaji wa YouTube asishike jumla kama ilivyo. Video ya Januari imeshaitangulia ya Machi. Achukue nyongeza ya kila siku, kwa siku zilezile. Kisha atoe watazamaji wa nchi ya msanii, maana Eurovision hairuhusu mtu kupigia kura nchi yake. Hatua hii ikirukwa, hesabu huharibika.

Tangu 2023 hata mtu wa Kudhaa, kwenye visiwa vyetu vya Wabajuni, akiwa na intaneti na kadi ya benki, anaweza kupiga kura. Kura za nchi zote zisizoshiriki huhesabiwa kama nchi moja. Lakini nyimbo za Wabajuni wenyewe zipimweje? Simu moja ikitumbukizwa kwenye sufuria ili sauti ivume, watu kumi wakakaa mkekani kusikiliza, YouTube inaona mtazamaji mmoja. Wimbo ukirushwa kwa Bluetooth kutoka simu hadi simu, haioni hata huyo. Na vave, nyimbo za wakulima, huimbwa shambani, nje kabisa ya mtandao.

Kwa visiwa vyetu mimi ningekwenda harusini na daftari, nihesabu ni wimbo gani watu wameomba urudiwe, na mara ngapi. Hiyo ndiyo takwimu ya wazi tuliyo nayo, na naiamini kuliko chati.