Maswali Yaliyogoma

Njia namba 14 ya metro ya Paris ilifunguliwa Oktoba 1998, na treni zake hazina chumba cha dereva. Abiria anaweza kusimama mbele kabisa, nyuma ya kioo, akatazama handaki linavyomjia. Breki, mwendo na milango vimekabidhiwa programu. Kuiandika programu hiyo kulihitaji subira ambayo naistahi kuliko hata mwendo wa treni yenyewe.

Wahandisi wa Matra Transport International walitumia mbinu iitwayo B, aliyoibuni Mfaransa Jean-Raymond Abrial. Kwanza huandikwa, kwa lugha ya seti na mantiki, yale yasiyopaswa kuvunjwa kamwe: treni mbili zisiingie kipande kimoja cha reli, milango isifunguke treni ikiwa mwendoni. Kisha maelezo hayo huteremshwa ngazi moja na kuongezewa undani kidogo. Treni itajuaje kwamba kipande cha mbele ni kitupu? Halafu ngazi nyingine, na nyingine, hadi zibaki amri nyepesi ambazo kompyuta inaweza kuzigeuza kuwa lugha ya kuandikia programu iitwayo Ada.

Kila ngazi huzaa maswali. Ikiwa sharti lilishika kabla ya amri hii, litashika baada yake? Kilichoahidiwa juu kimetimizwa huku chini? Majibu hutolewa kwa uthibitisho wa kihisabati. Ukijaribu mara elfu, umeona hali elfu; uthibitisho hukamata hali zote, hata ile isiyowahi kumjia mtu akilini.

Kwa njia namba 14 maswali yalikuwa takriban 27,800. Zaidi ya tisa katika kila kumi kompyuta iliyamaliza yenyewe. Yakabaki elfu mbili na ushei, na hapo ndipo fundi hujulikana. Mtu hukaa na swali moja lililogoma, akijiuliza: njia ndiyo iliyonipotea, au ninachokitafuta si kweli? Kikiwa si kweli, kosa limenaswa kabla gurudumu halijazunguka. Kikiwa kweli lakini kimeandikwa kwa mizunguko, hupanda ngazi ya juu akakiandika upya, kwa unyoofu. Ndiyo maana kazi iliyothibitishwa aghalabu husomeka vizuri: ugumu wa kuthibitisha humlazimisha mwandishi kurahisisha.

Majaribio ya kipande kimoja kimoja cha programu, ambayo kwingine ni desturi, yaliachwa. Treni ilijaribiwa ikiwa nzima, na katika sehemu iliyothibitishwa halikuonekana kosa.

Hata hivyo wahandisi hawakulewa ushindi. Programu sahihi inaweza kuendeshwa na chipu iliyoharibika, kwa hiyo thamani ambazo programu inazikokotoa hubeba alama za ukaguzi, na zisipolingana treni husimamishwa. Tena, hati ya mahitaji iliandikwa kwa lugha ya kawaida, na hakuna hisabati inayoweza kusema kama imeeleza kweli kile walichokusudia. Hiyo ilibidi isomwe na watu, mstari kwa mstari, wakibishana.