Kuwasifu Mafundi wa Hofu

Katika sanaa zote ambazo binadamu amejaaliwa kuzibuni, sioni moja inayodhulumiwa kama ile ya kutisha kwa makusudi. Mtungaji akiliza watu, wanazuoni humpa nafasi ya mbele; akiwachekesha, husamehewa; lakini akikesha akipima neno na kimya, apate kumfanya msikilizaji wake ageuke kuutazama mlango, huambiwa kuwa amefanya mchezo wa watoto, au, kwa wale wenye rai kali zaidi, kwamba ameyagusa mambo ya shetani. Mimi naona vingine. Kutisha kwa ustadi ni kazi yenye kanuni na adabu zake, ngumu kuliko kuliza, na sisi watu wa Unguja tuna haki ya kuizungumzia kuliko wengi, kwa kuwa tumeilea ndani ya lugha yetu kabla ya sinema na kabla ya gitaa la umeme.

Kila ifikapo tarehe 31 Oktoba, watu wa Ireland, Uingereza na Marekani huuadhimisha usiku wa Halloween, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, na katika siku zinazoutangulia huzitoa makabatini filamu kongwe za kutisha na albamu za muziki ule mzito uitwao hevi metali, wakazirudia kana kwamba ni wajibu wa mwaka. Huku kwetu tarehe hiyo hukutana na mawingu ya vuli tu, wala siombi tuiazime sikukuu ya watu. Ninachokihusudu kwao ni kitu kimoja: wameyatengea mambo ya kutisha msimu, wakawaenzi mafundi wake kwa majina, ilhali sisi tuliokuwa nao tumewaacha wakapita kama wapita njia.

Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu baadaye, alipochapisha London mwaka 1870 hadithi alizozikusanya Unguja, alizipa kitabu jina la Swahili Tales, na ndani yake imo hadithi ya Sultani Majnuni na paka wake. Nayataja haya kwa sababu ukitaka kuifahamu sanaa ya kutisha kuanzia shina hadi ncha, hadithi hiyo peke yake yatosha. Paka wa sultani anamla ndama. Watu wanakwenda kushitaki. Sultani anajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Kisha analiwa mnyama mwingine, na jibu ni lilelile. Kisha mkubwa zaidi, hata ikafika zamu ya watoto wa watu na ya watu wazima, na sultani habadili jibu lake. Paka anahamia msituni, anakuwa nunda, mla watu, na siku sultani anapotoka kwenda kuyatazama mashamba yake, wanawe watatu wanakamatwa mbele ya macho yake. Tazama fundi alivyoipanga kazi yake: hakutuonyesha meno, wala hakutuonyesha damu. Alichotuonyesha ni kiti cha enzi na mtu aliyekaa juu yake akilikariri jibu moja, na kwa kila mara jibu linaporudi, msikilizaji anahisi baridi inampanda, maana yeye amekwisha kulitambua lile ambalo mwenye dola halitaki.

Kisha fundi huyo huyo, ambaye jina lake hatukuandikiwa, anafanya la pili, nalo ni kubwa zaidi. Mtoto mdogo wa sultani anaapa kumtafuta nunda, na kila anaporudi nyumbani analeta mnyama aliyemuua, akimuuliza mama yake kama ndiye. Naye mama humwimbia kwamba siye. Leo ni mnyama mdogo, kesho ni wa wastani, baadaye ni yule ambaye watu wazima humkimbia, na wimbo wa mama haugeuki. Hatujamwona nunda bado, lakini tumekwisha kumpima: ni mkubwa kuliko huyu, na kuliko yule, na kuliko wote waliotangulia. Mnyama amejengwa ndani ya kichwa cha msikilizaji, kila mmoja na wake, kwa kadiri ya hofu aliyozaliwa nayo. Na kijana anapomkuta hatimaye, anamkuta amelala. Sijui mtengenezaji filamu yeyote, wa Hollywood wala wa Bombay, aliyethubutu kumlaza usingizi mnyama wake katika saa ambayo ukumbi mzima unangoja ngurumo.

Kulikuwa na adabu nyingine katika usimulizi huo. Hadithi ilifunguliwa kwa mwito na itikio, paukwa na pakawa, na ilifungwa kwa maneno ambayo kwayo msimulizi aliwagawia wote wema wa hadithi na kuubakisha ubaya wake kwake mwenyewe. Katika mji wa mawe ya matumbawe, ambamo vichochoro vina giza hata adhuhuri na watu wazima husimuliana kwamba jengo la Mambo Msiige pale Shangani lilikandikwa kwa mayai na kwamba watumwa walifukiwa hai ndani ya kuta zake, mtoto alihitaji kuambiwa wazi hofu inaanzia wapi na inaishia wapi. Hofu isiyo na mlango wa kutokea si sanaa. Mwaka 1995, pepo aitwaye Popobawa alipovuma Pemba na uvumi ukavuka mlango wa bahari hadi Unguja, watu walilala nje ya nyumba zao makundi kwa makundi, na mtu mmoja aliyekuwa na maradhi ya akili aliuawa kwa kudhaniwa kuwa ndiye. Uvumi ule haukuwa na msimulizi wa kuufungua, wala wa kuufunga, wala wa kuuchukua ubaya wake juu yake mwenyewe; ndiyo maana nasema fundi wa hofu ni mtu wa amana.

Aliyeifahamu amana hiyo kuliko wote katika waandishi wetu ni marehemu Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, ambaye riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960. Wengi humsifu kwa kutuletea Bwana Msa na kiko chake, mpelelezi anayeamini akili kuliko uvumi; mimi namsifu kwa kuujua mzimu. Aliweka kifo mahali ambapo watu wa shamba walikuwa wakipeleka ubani na nadhiri, akauacha uzito wote wa mahali hapo umlemee msomaji, na hakumdhihaki hata mmoja wa wale walioingia na miguu ikitetemeka. Bwana Msa anapokuja kulifumbua fumbo kwa hoja, hoja ile ina utamu kwa sababu tumekwisha kuogopa kwa haki. Wanaodhani kwamba hadithi za kutisha huwalea watu katika ushirikina na wamsome tena mwandishi huyu.

Sinema ilipofika, ilikuta masikio yaliyokwisha kufundwa. Mtaa wa Vuga ulipata sinema yake ya Royal katika miaka ya 1920, na jengo la Majestic tulijualo leo likasimama katika miaka ya 1950. Mji ukawa na Sultana, ukawa na Empire, ukawa na Cine Afrique, na aghalabu filamu zilizojaza viti zilikuwa za Kihindi. Wahindi walikuwa na namna yao ya kutisha, ambayo haikutegemea maiti wala meno bali sauti ya mwanamke anayeimba mahali pasipo na mtu. Mama wa filamu hizo ni Mahal ya mwaka 1949, iliyoongozwa na Kamal Amrohi, wakacheza Ashok Kumar na Madhubala, muziki ukatungwa na Khemchand Prakash. Lata Mangeshkar, aliyekuwa bado msichana wa karibu miaka ishirini na jina lake halijaenea, alisimulia baadaye jinsi wimbo mkuu wa filamu ile ulivyorekodiwa: kipaza sauti kikawekwa katikati ya chumba, naye akaanza kuimba akiwa mbali pembeni, akikisogelea hatua kwa hatua, hata mistari ya kwanza ikasikika kama inayotoka katika nyumba nyingine na ya mwisho kama iliyo sikioni mwako. Fikiri: fundi hakuongeza chombo, hakuongeza mayowe, aliongeza masafa. Bombay hiyohiyo ndiyo aliyoiendea mwimbaji wetu Siti binti Saad mwaka 1928 kuitia sauti yake katika sahani za santuri, na kila ninapousikiliza wimbo wa Mahal nawaza kwamba hadhira ya Unguja, iliyokwisha kuzoea sauti ya mwanamke isiyo na mwili ikitoka ndani ya kasha la mbao, ilikuwa tayari kwa sanaa hiyo kuliko hadhira nyingi za dunia.

Ukiilinganisha Mahal na Psycho ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1960, utaona kanuni haikubadilika. Hitchcock alidhani mauaji ya bafuni yatakuwa ya kutisha zaidi bila muziki; Bernard Herrmann akayatungia muziki hata hivyo, wa ala za nyuzi tupu, pasipo tarumbeta wala ngoma, na mwenye filamu aliposikia akakiri kwamba fundi wa muziki ameona mbali kuliko yeye. Mtu aliyekulia karibu na fidla za taarab hupata somo hapo, kwamba uzi uleule unaobembeleza waweza kukata. Filamu za video za Bara, zilizotuletea Nsyuka na Shumileta, zimeirudisha hamu ya majini kwa vijana wetu, nalo ni jambo la kushukuriwa. Ila nyingi za jinsi yake zina haraka ya kuonyesha uso wa jini, na uso ukishaonekana kazi imekwisha.

Kuhusu hevi metali najua nitapingwa, kwa kuwa wengi huisikia kuwa kelele. Lakini muziki huo ni binti wa sinema ya kutisha kwa nasaba iliyo wazi. Vijana wanne wa Birmingham waliliazima jina la kundi lao, Black Sabbath, kutoka filamu ya Mario Bava ya mwaka 1963, wakastaajabu kwamba watu hutoa fedha zao ili watishwe, na wakaazimia kufanya kwa gitaa kile ambacho filamu hufanya kwa giza. Albamu yao ya kwanza ilirekodiwa kwa siku moja ya Oktoba mwaka 1969, ikatolewa Ijumaa tarehe 13 Februari 1970. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa na miaka kumi na saba pale mashine ya kiwanda cha chuma ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono anaobania nyuzi. Akajitengenezea kofia za vidole kwa plastiki ya chupa iliyoyeyushwa, akafunga nyuzi nyepesi, na baadaye akazilegeza ili zisimuumize, na sauti ikashuka chini, ikawa nzito. Uzito ule unaoitwa wa kishetani ulizaliwa na jeraha la mfanyakazi. Na wimbo unaoifungua albamu, baada ya mvua na kengele, umejengwa juu ya sauti tatu tu: ya msingi, kisha hiyohiyo kwa juu, kisha nyingine iliyoachana na ya msingi kwa hatua tatu kamili, ambayo sikio huingoja itulie mahali nayo haitulii. Zinapigwa polepole mno, kwa subira ya mama akimwambia mwanawe kwamba huyu siye nunda. Waliowahi kukaa karibu na ngoma ya kibuki, kodiani ikirudia pumzi ileile hata mwenye pepo akaanza kutikisika, hawahitaji kuelezwa nguvu ya marudio mazito.

Na mji wetu umechangia humo kwa mtu wake mwenyewe. Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, ambaye baba yake alikuwa karani wa fedha wa Mahkama Kuu, aliondoka na wazazi wake mwaka 1964, na dunia ikamjua kwa jina la Freddie Mercury. Wageni hufika Shangani kumzuru kwa ajili ya nyimbo zake za furaha, nami siwakatazi. Bali msimu huu ningewashauri waitafute albamu ya pili ya Queen, ya mwaka 1974, na upande wake uitwao Mweusi, ambao nyimbo zake zote alizitunga yeye. Humo mna vita vya mazimwi, wimbo uitwao Ogre Battle, unaoanza kwa sauti za mwisho wake zilizogeuzwa kinyumenyume, kama mlango unaofunguliwa kabla haujagongwa, halafu magitaa yanaingia kwa kasi na ukali ambao makundi ya hevi metali yaliyofuata yaliupigania kwa miaka. Jingine la kuthibitisha udugu wa sinema ya kutisha na hevi metali ni Christopher Lee, aliyeigiza Dracula mwaka 1958: alipokuwa amekaribia miaka tisini alitoa albamu ya hevi metali kuhusu mfalme Charlemagne, mwaka 2010, na nyingine mwaka 2013.

Jengo la Majestic lingali Vuga, na tamasha la filamu la ZIFF limekuwa likionyesha picha Ngome Kongwe tangu mwaka 1998, kwa hiyo hatukosi mahali wala mazoea. Nawaomba wenye mamlaka na wenye mali waharakishe kulinusuru jengo hilo, na siku litakapofunguliwa, picha ya kwanza ya usiku iwe Mahal, na kabla ya taa kuzimwa apandishwe jukwaani bibi mmoja wa shamba atusimulie nunda. Na wewe msomaji, kama nyumbani mwenu yupo mzee anayeijua hadithi hiyo, usingoje jengo: mkalie chini usiku huu, washa simu yako inase sauti, na umwache asimulie mpaka mwisho bila kumkatiza.