«Kumbe» ya Nani? Fikra za Mhusika katika Usimulizi wa Kiswahili

Baadhi ya wanafunzi wetu, waliolelewa katika riwaya za Kifaransa, husadiki kwamba Kiswahili hakina njia ya kuingia moyoni mwa mhusika bila kwanza kubisha hodi. Flaubert katika Madame Bovary (1857), wasema, huchanganya sauti ya msimulizi na fikra za Emma hata msomaji asijue ni nani anenaye. Sisi tuna «alijisemea moyoni» na «alifikiri kwamba» tu. Dai hili si dogo. Likikubaliwa, mwandishi atakayetaka kuchimba nafsi ya mtu itambidi ahamie lugha nyingine. Naliona halina msingi katika sarufi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mke anarejea nyumbani: «Mariamu aliufungua mlango. Koti halikuwapo msumarini. Kumbe ameondoka! Na watoto atawaambia nini?» Hakuna «alifikiri», wala alama za kunukuu ndani ya masimulizi. Hata hivyo mshangao ni wa Mariamu, na swali ni lake. Tuangalie vitenzi: «ameondoka» na «atawaambia» vinapima wakati kutoka pale aliposimama Mariamu mlangoni, si kutoka alipo msimulizi. Kilichobaki cha msimulizi ni nafsi ya tatu peke yake. Kifaransa, mahali kama hapa, kwa kawaida huvirudisha vitenzi nyuma katika wakati uliopita. Kiswahili hakilazimiki kufanya hivyo, na kwa sababu hiyo humsogeza msomaji karibu zaidi na mhusika.

Neno «kumbe» lahitaji uangalifu. Katika ngano, msimulizi asemapo «kumbe sungura alikuwa amejificha», habari hiyo ni zawadi ya wasikilizaji. Fisi hana habari. Hii ni «kumbe» ya hadhira. Ile ya Mariamu ni ya mhusika, na mara nyingi ni njeo inayotuambia ipi ni ipi. Laiti mwandishi angaliandika «kumbe mumewe alikuwa ameondoka», tungalimsikia msimulizi akitunong'oneza nyuma ya mgongo wa Mariamu.

Ugumu wa kweli upo mahali pengine, nao wenye dai hawautaji. Kiambishi a- hakibagui mume na mke. «Atawaambia nini» yaweza kumwelekea mume aliyekwenda zake, jambo ambalo Kifaransa hulizuia kwa «il» na «elle». Mwandishi hana budi kuuandaa uwanja mapema: nani yupo mbele ya macho yetu, nani hayupo.

Njia rahisi zaidi ni kumwachia mhusika asimulie mwenyewe. Euphrase Kezilahabi aliandika Rosa Mistika (1971) katika nafsi ya tatu, akiwa na msimulizi asiyekosa kutoa maoni yake; katika Kichwamaji (1974) akampa Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, kusimulia kwa «mimi». Wote wawili, Rosa na Kazimoto, wanajiua. Kifo cha Rosa twakihurumia kwa mbali. Uchovu wa Kazimoto unatuingia. Faida hiyo haina ubishi. Lakini Kazimoto ni msomi, naye hujieleza kama msomi: juu ya maisha, juu ya Mungu, juu ya kifo. Pengine anajieleza mno. Je, mtu asiyekwenda shule angaliweza kutusimulia riwaya kwa mtindo ule? Hapo «mimi» ya msomi haifai kitu, na ndipo nafsi ya tatu yenye «kumbe», «huenda» na «lo» inapohitajika. Mwandishi ataweza kuonyesha fikra za mtu ambaye hana desturi ya kuzitangaza, wala hana msamiati wa falsafa.

Miswada mingi ya wanafunzi nisomayo bado yasema «alisikia huzuni kubwa» na kupita. Huzuni ipi? Ya koti, ya watoto, au ya majirani watakaouliza kesho asubuhi?