Karamu ya Chai Bila Hadithi

Huko Uingereza, wakati wa Pasaka, baadhi ya familia hualikwa kwenye karamu ya chai iliyopambwa kwa hadithi ya Alice, kitabu cha Lewis Carroll cha 1865. Watoto huvaa masikio ya sungura na kula keki. Hatuna ugomvi na keki. Tunauliza tu: hadithi yenyewe iko wapi? Kitabuni, karamu hiyo ni ya utovu wa adabu: saa imeganda kwenye kumi na mbili (wao husema sita), kitendawili hakina jibu, na Alice anaondoka amechukizwa. Utamu wote umo katika ubishi wa maneno, na ndio unaoachwa nje. Tafsiri ya Ida Hadjivayanis ipo tangu 2015. Darasani kwetu, sura hiyo ya saba, ikisomwa kwa sauti, ingejaza kipindi kizima.